NAIROBI HADI LONDON: MAILI NI ZILE ZILE, SAA SI ZILE ZILE

Mtu akiulizwa ni mbali kiasi gani kutoka Nyeri hadi Nairobi, mara nyingi hujibu kwa saa wala si kwa maili. Husema, "Ni mwendo wa saa tatu kwa gari." Jibu hilo lamtosha msafiri wa gari, kwa sababu saa ya Nyeri na saa ya Nairobi ni moja, na akikosa gari moja atapata jingine. Katika safari ya ndege ya kwenda nchi za mbali mambo hayawi hivyo. Umbali ni jambo moja, muda wa safari ni jambo la pili, na saa iliyoandikwa katika tiketi ni jambo la tatu. Asiyeyatenga mambo hayo matatu aweza kufika kiwanjani na kukuta ndege imekwisha kuondoka, na nauli iliyochangwa na jamaa wote ikapotea kwa ajili ya kosa dogo la hesabu.

Somo hili lachukua safari moja iwe kielelezo, nayo ni ile ya kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi kiwanja cha Heathrow, London. Atakayeielewa safari hiyo barabara ataweza kuielewa na nyingine yoyote, iwe ya kwenda Jeddah, Mumbai au New York.

UMBALI HUPIMWAJE?

Dunia ni mviringo kama chungwa, na mzingo wake ni karibu kilometa 40,000, yaani kama maili 24,900. Wataalamu wameugawa mzingo huo katika sehemu 360 ziitwazo digrii. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni karibu kilometa 111, au maili 69. Kila digrii nayo imegawanywa katika sehemu 60 ziitwazo dakika. Lakini hizi si dakika za saa, bali ni dakika za kupimia dunia. Urefu wa dakika moja ya namna hii ndio uitwao maili ya baharini, nao ni mita 1,852. Maili ya barabarani ni fupi zaidi, kwa maana ni mita 1,609 tu. Manahodha na marubani hutumia maili ya baharini. Kwa hiyo mtu akisikia safari moja ikitajwa kwa hesabu tatu mbalimbali, asidhani kwamba mmoja wa wasemaji ni mwongo. Na aulize kwanza ni maili gani, au ni kilometa.

Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo. London iko kaskazini ya ikweta kwa digrii 51 na nusu, tena iko magharibi ya Nairobi kwa digrii 37 hivi. Vipimo hivyo vikitiwa katika hesabu, huonekana kwamba miji hiyo miwili imetengana kwa digrii 61 na nusu za mzingo wa dunia. Zikizidishwa kwa 60, hupatikana maili za baharini 3,690. Hizo ni karibu maili 4,250 za barabarani, au karibu kilometa 6,840.

Hiyo ndiyo njia fupi kupita zote, nayo hufuata mviringo wa dunia. Mwalimu mwenye tufe la dunia darasani aweza kuwaonyesha wanafunzi wake njia hiyo kwa uzi mmoja tu. Na aushike uzi mwanzo wake juu ya Nairobi, auvute hadi London mpaka ukaze. Ataona kwamba uzi wapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya, wavuka Bahari ya Mediterania karibu na kisiwa cha Sicily, kisha wapita juu ya milima ya Alps na nchi ya Ufaransa kabla ya kufika Uingereza.

Kisha na auvute uzi huo huo kutoka Nairobi hadi New York, na kando yake aweke ramani ya ukutani na rula. Hapo wanafunzi watastaajabu. Katika ramani, rula hutoka Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Juu ya tufe, uzi uliokazwa hutoka Afrika kwenye pwani ya Moroko, kaskazini kabisa. Sababu yake ni kwamba ramani ni kama ganda la chungwa lililobanwa mezani likawa bapa: haliwezi kulala sawa bila ya kuvutwa huku na huku. Mstari ulio mnyofu katika ramani si lazima uwe njia fupi duniani. Rubani hufuata uzi, hafuati rula.

MAILI HAZIKUPUNGUA

Tangu zamani umbali wa Nairobi na London haukupungua hata maili moja. Kilichopungua ni muda. Kabla ya safari za ndege, msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Uingereza kwa meli, akipitia mfereji wa Suez, alikaa baharini karibu wiki tatu au zaidi.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, katika Tanganyika ya siku hizo. Safari hiyo ilichukua zaidi ya wiki moja. Ndege za wakati ule zilikuwa na mwendo mdogo, zilitua mara nyingi kutia mafuta, na jua lilipokuchwa abiria waliteremka wakalala, wakaendelea na safari asubuhi. Tena sehemu moja ya safari, katika Ulaya, ilikuwa kwa garimoshi. Katika mwaka wa 1937 zikaja ndege kubwa zilizotua majini, nazo ziliteremka katika ziwa hapo Kisumu na katika bahari hapo Mombasa.

Tarehe 2 Mei 1952 ulimwengu uliona ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti ikianza kazi yake ya kawaida. Jina lake lilikuwa Comet, nayo ilitoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na bado ilifika kwa muda usiotimia saa 24. Katika mwaka wa 1958 kiwanja kipya cha Embakasi kilifunguliwa Nairobi. Wengi waliokijenga walikuwa wafungwa wa siku za Hali ya Hatari, na jasho lao limo katika ardhi ile. Tangu mwaka wa 1978 kiwanja hicho chaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta.

Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege ya kukodi Nairobi kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Ndege ile haikuweza kufika New York bila ya kutua njiani. Ilikuwa lazima kungoja mpaka tarehe 28 Oktoba 2018 ndipo ndege ya abiria ya Kenya Airways ilipoanza safari za kutoka Nairobi hadi New York moja kwa moja. Umbali huo ni karibu kilometa 11,830, yaani maili 7,350 hivi.

KWA NINI HESABU YA MWENDO HAITOSHI

Ndege kubwa za siku hizi huenda kwa mwendo wa kilometa 900 hivi kwa saa, zikiwa juu angani kiasi cha futi 35,000 hadi 40,000. Mwanafunzi wa hesabu atagawanya kilometa 6,840 kwa 900, naye atapata saa 7 na dakika 36. Lakini akiitazama ratiba ya ndege za kutoka Nairobi kwenda London ataona muda wa saa 9 hivi. Na wa kurudi, saa 8 na nusu hivi. Je, hiyo saa moja na zaidi imekwenda wapi?

Kwanza, muda wa ratiba hauanzi ndege inapoacha ardhi. Huanza ndege inapong'oka mahali ilipopakia abiria, nao huisha inaposimama mahali pa kuwateremshia. Katikati ya hayo ndege hujikokota ardhini kama gari, hungoja zamu ya kuruka, na kiwanja kikiwa na shughuli nyingi kama Heathrow hungoja zamu ya kutua pia, ikizunguka angani.

Pili, ndege haiwi na mwendo wake wote tangu mwanzo. Inapopanda huenda polepole zaidi, na inapoteremka hupunguza mwendo kidogo kidogo.

Tatu, ndege haifuati uzi barabara. Angani mna njia zilizopangwa, na waongozaji waliopo ardhini humwambia rubani apite wapi na kwa kimo gani, ili ndege zisikaribiane. Kila pembe huongeza maili.

Jambo la nne lahusu Nairobi hasa. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko futi 5,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Heathrow ni futi 83 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba mabawa kwa shida. Kwa hiyo ndege nzito huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuruka, na ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilometa 4. Hewa ya usiku, kwa kuwa ni ya baridi, ni nzito kuliko ya mchana, nayo huisaidia ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu. Msafiri anayenung'unika kwamba ndege yake yaondoka usiku wa manane yafaa ajue kwamba baridi hiyo ya usiku yaisaidia ndege yake kuinuka.

UPEPO: KUSI NA KASKAZI ZA ANGANI

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa nguvu za upepo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja Mombasa, Lamu na Unguja kwa kaskazi, yakangoja miezi mpaka kusi livume ndipo yarudi kwao. Nahodha hakushindana na upepo; aliungoja.

Angani nako mna upepo wa namna hiyo. Juu sana, katika nchi zilizo mbali na ikweta, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo mashariki husukumwa nao, na iendayo magharibi hukabiliana nao. Na ichukuliwe hesabu hii: ndege ina mwendo wa kilometa 900 kwa saa, na upepo una mwendo wa kilometa 100 kwa saa. Ikisukumwa, ndege hupita juu ya ardhi kilometa 1,000 kwa saa; ikikabiliana nao hupita kilometa 800 tu. Katika safari ya kilometa 3,600, ndege ya kwanza itatumia saa 3 na dakika 36, na ya pili saa 4 na nusu. Njia ni ile ile, injini ni zile zile, na tofauti ni dakika 54.

Safari ya Nairobi na London huelekea zaidi kaskazini na kusini kuliko mashariki na magharibi. Kwa hiyo upepo huo hauibadilishi sana. Ila safari ya Nairobi na New York huikata bahari ya Atlantiki, na huko upepo huonekana wazi: kwenda ni karibu saa 15, na kurudi ni karibu saa 14.

NJIA INAPOFUNGWA

Yafaa ikumbukwe pia kwamba anga ni mali ya nchi iliyo chini yake. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizozoea kupita hapo zikalazimika kuizunguka nchi nzima. Mwenye uzi na tufe aweza kuona mara moja maana ya jambo hilo, kwa kuwa Sudan iko katikati ya njia fupi ya kwenda London. Ndege ikiongezewa maili 300, nayo ina mwendo wa maili 550 kwa saa, safari yake huongezeka dakika 33, na mafuta yake vivyo hivyo. Basi vita vya watu wengine, vilivyo mbali na Nairobi, huweza kuingia katika muda wa safari na katika gharama zake.

SAA YA NAIROBI NA SAA YA LONDON

Sasa yaja sehemu inayowapotosha wasafiri wengi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake digrii 15 kwa saa moja. Jua huonekana mashariki kwanza, kisha magharibi. Kwa hiyo haiwezekani miji yote iwe na adhuhuri kwa wakati mmoja. Mataifa yalikubaliana kuhesabu saa kuanzia Greenwich, mahali palipo katika London. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia saa moja, ambayo imetangulia ile ya Greenwich kwa saa 3.

Lakini Waingereza wana desturi nyingine. Kwao siku za kiangazi ni ndefu mno na za baridi ni fupi mno. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, wala Kenya haina haja ya desturi hiyo. Matokeo yake ni kwamba Nairobi huitangulia London kwa saa 3 wakati wa baridi ya Ulaya, na kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao. Ikiwa Nairobi ni saa sita mchana, London ni saa tatu asubuhi katika Januari, na saa nne asubuhi katika Julai.

Sheria ya kwanza ya tiketi ni hii: kila saa iliyoandikwa ni saa ya mahali panapotajwa. Saa ya kuondoka Nairobi ni ya Nairobi. Saa ya kufika London ni ya London. Sheria ya pili ni kwamba tiketi huhesabu saa 24 tangu usiku wa manane, wala haihesabu kama Waswahili wahesabuvyo tangu machweo na macheo. Kuanzia 07:00 hadi 18:00, msomaji na apunguze 6. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, na apunguze 18. Na kuanzia 00:00 hadi saa za alfajiri, na aongeze 6. Hivyo 14:00 ni saa nane mchana, 23:30 ni saa tano na nusu usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Mfano wa kwenda: tiketi ya Januari yasema ndege itaondoka Nairobi 23:30 na kufika London 05:30. Mtu mwenye haraka atasema safari ni saa 6. Amekosea. Saa 05:30 ya London ni saa 08:30 ya Nairobi, na kutoka 23:30 hadi 08:30 ni saa 9.

Mfano wa kurudi: ndege itaondoka London 10:30 na kufika Nairobi 22:00. Mwenye haraka atasema ni saa 11 na nusu, tena atalalamika kwamba ndege ya kurudi ni mbovu. Lakini 10:30 ya London ni 13:30 ya Nairobi, na kutoka hapo hadi 22:00 ni saa 8 na nusu. Dawa ni moja tu: kabla ya kutoa hesabu, saa zote mbili zigeuzwe kuwa saa ya mji mmoja.

USIKU WA IJUMAA SI IJUMAA USIKU

Kosa kubwa kuliko yote si la saa, bali ni la tarehe. Na ufikiriwe mfano wa binti mmoja wa Mombasa aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi London. Jamaa zake wamechanga nauli. Tiketi yasema: Ijumaa, tarehe 15 Januari, 00:40. Baba yake aisoma na kupanga mambo. "Ijumaa mchana tutakula pamoja," asema, "na usiku tutamsindikiza kiwanjani."

Bibi yake binti, aliyeketi kimya wakati wote, auliza, "Mwanangu, ndege yaruka saa ngapi?"

"Saa sita na dakika arobaini usiku, mama. Usiku wa Ijumaa."

"Basi usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa," asema bibi. "Ndivyo nilivyolelewa. Jua likituzama Alhamisi, usiku wa Ijumaa umeingia. Hebu kaulize vizuri, baba, mjukuu wangu asije akaachwa."

Baba akapiga simu kwa aliyemwuzia tiketi, naye akajibiwa kwamba mama yake amesema kweli. Katika hesabu ya tiketi, tarehe hugeuka usiku wa manane. Dakika 40 baada ya hapo ni mwanzo kabisa wa tarehe 15, wakati watu wengi wangali katika usingizi wa usiku ulioanza tarehe 14. Kwa hiyo binti apaswa kuwa kiwanjani Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini usiku, yaani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kama wangefuata mpango wa kwanza, wangefika kiwanjani karibu siku nzima baada ya ndege kwenda zake, na chakula cha kuagana kingekuwa chakula cha majuto.

Ni vema kila msafiri mwenye tiketi ya kati ya 00:00 na 04:00 aandike pembeni, kwa maneno, "usiku wa kuamkia" siku fulani, na jina la siku ya kwenda kiwanjani. Maneno hayo matatu hayagharimu kitu.

SAFARI NZIMA NI SAA NGAPI?

Binti huyo atakuwa angani saa 9 hivi. Lakini je, safari yake ni saa 9? La. Ikiwa atatoka nyumbani Mombasa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi ili apande treni ya asubuhi, treni yenyewe itatumia kama saa tano au sita hadi Nairobi. Kisha avuke mji, apumzike kidogo, na usiku awe kiwanjani kupima mizigo na kuonyesha pasipoti. Ndege ikiondoka 00:40 na kutumia saa 9, atafika Heathrow 09:40 kwa saa ya Nairobi, ambayo ni 06:40 kwa saa ya London. Hapo atapanga foleni ya uhamiaji, atangoja sanduku lake, na atapanda treni kuingia mjini. Akifika shuleni kwake saa tatu asubuhi ya London, Mombasa itakuwa saa sita mchana wa Ijumaa. Tangu alipofunga mlango wa nyumbani ni saa 30 kamili, na katika hizo zile za ndege ni saa 9 tu.

Hesabu hiyo yafaa kwa mambo mengi. Anayesafiri na dawa atajua achukue za siku ngapi mkononi. Mwenye mtoto mchanga atajua afungashe maziwa na nepi kiasi gani. Anayebadili ndege njiani atajua kwamba saa za kituo cha katikati ni za huko huko, naye atairekebisha saa yake ya mkononi mara anapotua, ili asikose ndege ya pili kwa kutazama saa ya Nairobi. Na mama aliyebaki nyumbani atajua wakati wa kungoja simu, asikeshe bure akidhani mabaya yametokea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umbali wa Nairobi na New York ni kilometa 11,830. Ndege yenye mwendo wa kilometa 900 kwa saa ingetumia muda gani, kama hakuna upepo wala kungoja?

2. Katika Januari Nairobi huitangulia New York kwa saa 8. Ndege yaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30. Safari ni ya saa ngapi?

3. Tiketi yasema Jumatatu tarehe 3, 00:15. Msafiri aende kiwanjani siku gani, na saa ngapi kwa Kiswahili, ikiwa apaswa kuwahi saa tatu kabla?

Majibu: (1) Saa 13 na dakika 9 hivi. (2) Saa 15, kwa kuwa 06:30 ya New York ni 14:30 ya Nairobi. Tofauti ya jibu hili na lile la kwanza imetokana na upepo, mapindi ya njia na muda wa ardhini. (3) Jumapili tarehe 2, saa tatu na robo usiku.